Aliyebuni Njia Hakuvishwa Nishani



Kila mwenye mume, mke au mzazi aliye jeshini au katika polisi ajua jinsi nyumba inavyokuwa siku ya kuvishwa nishani. Buti hupigwa rangi tangu usiku, sare hupigwa pasi mara mbili, watoto huogeshwa mapema, na gwaride likiisha majirani wote wataka kuishika ile nishani kwa mikono yao. Lakini jioni, wageni wakiisha kuondoka, hubaki swali ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti: na yule aliyekuwa pamoja nasi siku ile, mbona jina lake halikusomwa?

Swali hilo si la kambini peke yake. Wataalamu wa sayansi nao wana nishani zao, na wana majina yao yasiyosomwa. Wiki hii napenda kuwasimulia habari za fani moja isiyotajwa sana magazetini, nayo ni fani ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Jina lake la kitaalamu ni kromatografia. Msiliogope jina hilo. Kazi yenyewe imo katika dawa mnazopewa zahanati, imo katika karanga mnazosaga jikoni, na imo katika kesi za sumu ambazo polisi wetu hupeleka vielelezo vyake katika maabara ya serikali pale Wandegeya.

Kabla ya kuwataja wenye nishani, hapana budi tuelewe kazi waliyotunukiwa. Tuchukue mfano wa askari mia moja walioruhusiwa kutoka kambini saa moja asubuhi kwenda mjini kwa miguu, wote kwa mwendo mmoja. Njia nzima imepangwa vibanda vya chai, vya nyama ya kuchoma na vya wacheza dama. Yupo askari asiyependa hata kimoja kati ya hivyo. Yeye hupita moja kwa moja. Yupo wa chai, ambaye husimama kidogo kila kibanda. Na yupo wa dama, ambaye kila akiona ubao huketi. Walitoka langoni kundi moja, lakini mjini watafika makundi makundi, na aliyesimama mlangoni mwa mji akiwa na daftari aweza kuwahesabu kila aina kwa wakati wake, ingawa hakuna aliyewatenga kwa nguvu. Kromatografia ndiyo hiyo. Njia ni mrija au karatasi, mwendo ni wa maji, mafuta au gesi, na vibanda ni kile kitu kinachovivuta vingine zaidi na vingine kidogo.

Aliyeiona njia hiyo kwanza na kuifanya kuwa chombo cha kazi aliitwa Mikhail Tswett. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, Italia, baba yake akiwa Mrusi na mama yake Mwitalia. Mama alifariki upesi baada ya kujifungua. Mtoto akalelewa Uswisi, akasoma Geneva hadi akapata udaktari wa elimu ya mimea mwaka 1896. Alipokwenda Urusi, nchi ya baba yake, aliambiwa kwamba shahada ile haitambuliwi. Ikambidi aanze upya kusomea nyingine, akaipata Kazan mwaka 1901. (Wasomaji waliowahi kurudi nyumbani na vyeti vya ng'ambo, wakaambiwa wavipeleke kwanza vikahakikiwe, watamwelewa bwana huyu bila maelezo zaidi.) Kisha akapata kazi Warsaw, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Urusi.

Huko Warsaw alikuwa na shida moja. Rangi ya kijani ya majani, iitwayo klorofili, ilidhaniwa na wengi kuwa ni kitu kimoja, naye alishuku kuwa ni mchanganyiko. Kila alipojaribu kuvitenganisha kwa dawa kali, aliogopa kwamba dawa yenyewe yaweza kuviharibu, kisha akaja kupima kitu ambacho si kile kilichokuwamo katika jani. Ndipo akachukua mrija mwembamba wa kioo, akaujaza unga wa chaki na kuushindilia vema. Juu yake akamimina rangi ya majani iliyoyeyushwa katika kimiminiko cha jamii ya petroli, kisha akaendelea kumimina kimiminiko kitupu, polepole. Ile rangi moja ya kijani ikaanza kuteremka ndani ya chaki, na kadiri ilivyoteremka ikagawanyika kuwa mapete: hapa kijani chenye manjano, pale kijani chenye buluu, na kwingine manjano zaidi ya moja. Akausukuma mche ule wa chaki nje ya mrija, akaukata kwa kisu pete kwa pete, na kila rangi akawa nayo peke yake.

Tarehe 21 Machi 1903 alieleza mawazo yake mbele ya chama cha wataalamu wa viumbe cha Warsaw, na mwaka 1906 akaandika makala mbili katika jarida la Kijerumani la elimu ya mimea. Humo ndimo alimoipa njia yake jina kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika Kirusi neno tsvet, ambalo ndilo jina la ukoo wake, lina maana ya rangi. Huenda alitia sahihi yake katika kazi kwa ujanja, yeye hakusema.

Sasa twaja kwenye habari ya nishani. Makala zile hazikupokewa kwa shangwe. Wakubwa wa kemia wa siku hizo walizoea kufanya kazi kwa vyungu vikubwa na kwa kilo nyingi za vitu, na mtu wa mimea mwenye mrija wa chaki hakuwashtua. Wako waliombishia kwa maneno makali. Mmoja aliyekuwa na jina kubwa kupita wote, Mjerumani Richard Willstätter, alisema kwamba njia ile haifai kwa kazi ya maana, kwa sababu klorofili huharibika ndani ya mrija. Mwaka 1915 Willstätter akapewa Zawadi ya Nobeli kwa uchunguzi wake wa rangi za mimea, klorofili ikiwa ya kwanza kati ya hizo. Sisemi kwamba hakustahili. Kazi yake ilikuwa kubwa. Nasema tu kwamba chombo kilichofaa zaidi kwa kazi hiyohiyo alikiweka kando.

Mwaka huohuo wa 1915 Vita Kuu ya Kwanza ilimfukuza Tswett kutoka Warsaw. Akahamia Moscow, kisha Nizhny Novgorod, mwaka 1917 akapelekwa Yuryev, mji ambao sasa ni Tartu wa Estonia, na mwaka uliofuata Wajerumani walipouteka akahamishwa tena hadi Voronezh. Familia za askari zajua uhamisho ni kitu gani, lakini kuhamishwa na vita, mwili ukiwa mgonjwa, vitabu na vioo vya maabara vikibaki nyuma, ni jambo jingine. Mnamo mwaka 1918 mtaalamu mmoja wa mimea wa Uholanzi, jina lake Cornelis van Wisselingh, alipeleka jina la Tswett kwa kamati ya Nobeli. Zawadi ya kemia ya mwaka huo haikutolewa hadi Novemba 1919, na ilipotolewa ilikwenda kwa Fritz Haber, aliyegundua namna ya kutengeneza amonia kutokana na hewa. Haber huyo ndiye aliyesimamia gesi ya klorini iliyopulizwa dhidi ya askari katika mahandaki ya Ypres mwezi wa Aprili 1915. Mbolea ya mashambani ilitokana na kazi yake, na baruti pia. Tswett hakuisikia habari hiyo. Alikwisha fariki Voronezh tarehe 26 Juni 1919, akiwa na umri wa miaka 47.

Mrija wa chaki ukalala miaka zaidi ya kumi. Waliouamsha walikuwa Richard Kuhn na Edgar Lederer, mjini Heidelberg, mwaka 1931. Nao waliujuaje? Kitabu cha Tswett, kilichotolewa kwa Kirusi mwaka 1910, kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kijerumani kwa ajili ya Willstätter, na tafsiri hiyo ikamfikia Kuhn, aliyekuwa mwanafunzi wake. Yule aliyeikataa njia ndiye aliyekuwa ameihifadhi kabatini! Lederer aliisoma, akajaribu, na rangi ya manjano ya karoti ikatengana mbele ya macho yake kuwa zaidi ya moja. Kwa kazi ya rangi hizo na ya vitamini Kuhn akatunukiwa Nobeli ya mwaka 1938, ingawa serikali ya Hitler ilimlazimisha kuikataa, akaja kuipokea nishani baada ya vita.

Nobeli iliyotolewa kwa ajili ya kromatografia yenyewe ilikuja mwaka 1952, na waliopewa ni Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge. Wao hawakuanza na majani bali na sufu ya kondoo. Wenye viwanda vya sufu walitaka kujua sufu imejengwa na nini, na kazi ikafanyika katika maabara ya uchunguzi wa sufu mjini Leeds. Protini ya sufu ikivunjwa hutoa asidi-amino za aina nyingi zinazofanana mno, na kuzitenga ilikuwa kama kutenga mapacha gizani. Chombo chao cha awali kilijaza chumba kizima harufu ya klorofomu na kilihitaji kukeshewa mchana na usiku kwa wiki nzima ili kumaliza kazi moja. Askari waliowahi kusimama lindo watajua ilivyokuwa, isipokuwa wao hawakulazimika kuvuta dawa ya usingizi huku wakizuia usingizi.

Akili ya Martin ikaona kwamba hakuna haja ya kuvihamisha vimiminiko viwili kwa pamoja. Kimoja chaweza kukaa palepale. Wakachukua unga wa silika, wakaunywesha maji hadi ukayashika, wakaujaza katika mrija, kisha wakapitisha klorofomu. Kila asidi-amino ikawa yachagua, kadiri ya tabia yake, kukaa zaidi katika maji au kwenda zaidi na klorofomu. Kazi ya wiki ikawa ya saa chache. Makala yao ilitoka mwaka 1941, vita vikiwa vikali, na ndani yake walidokeza pia kwamba kimiminiko kinachotembea chaweza kuwa gesi. Kwa muda wa miaka kumi hakuna aliyelijaribu dokezo hilo, mpaka Martin mwenyewe alipolifanya pamoja na A. T. James na kulitangaza mwaka 1952.

Kabla ya hapo, mwaka 1944, Martin pamoja na Consden na Gordon walionyesha kwamba hata mrija hauhitajiki: kipande cha karatasi ya kuchujia chatosha. Kwa karatasi kama hiyo Frederick Sanger alisoma mpango wa asidi-amino za insulini, ile dawa ya wenye kisukari, akatunukiwa Nobeli yake mwaka 1958. Majina ya Consden na Gordon hayakusomwa Stockholm. Kanuni za zawadi ile haziruhusu zaidi ya watu watatu, na kamati ilitazama wazo la 1941. Hata hivyo, aliyefanya kazi bega kwa bega na wenzake ajua kwamba kanuni haimfariji mtu.

Lakini habari inayonigusa mimi zaidi ni ya mama mmoja, Erika Cremer, aliyezaliwa Munich mwaka 1900. Alikuwa na udaktari wa kemia na sifa za kutosha, lakini milango ya vyuo ilikuwa migumu kwa mwanamke. Alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, mwaka 1940, kwa kuwa wanaume walikwenda vitani. Huko ndiko alikofikiri kutenganisha gesi kwa kuzipitisha katika mrija, zikisukumwa na gesi nyingine. Akaandika makala fupi, jarida likaikubali, ikapelekwa mtamboni mwishoni mwa vita. Mabomu ya ndege yakaharibu kiwanda cha uchapaji, na makala haikutoka.

Maabara yake nayo ilikuwa imepigwa. Mwanafunzi wake, Fritz Prior, alikuwa mwalimu wa sekondari, na kwa sababu chuoni hapakuwa na mahali pa kufanyia kazi, majaribio yalifanyika katika maabara ya shule anayofundisha. Kazi yake ya udaktari ilikamilika mwaka 1947, miaka mitano kabla ya makala ya Martin na James. Mimi niliyewahi kushika chaki darasani naisoma habari hiyo na kuirudia: kati ya vyombo vya kwanza vya kromatografia ya gesi duniani, kimoja kilisimama juu ya meza ya shule. Cremer na Prior hawakusikiwa mbali. Makala ile iliyoungua ilichapwa hatimaye mwaka 1976, miaka zaidi ya thelathini tangu ilipoandikwa, mwandishi wake akiwa bibi mwenye umri wa miaka 76.

Siku hizi watu wa fani hii wana nishani zao wenyewe. Mwaka 1974 ilianza kutolewa nishani yenye jina la Tswett, na chama cha wanakromatografia cha Uingereza hutoa nishani yenye jina la Martin. Cremer alipewa ile ya Tswett katika miaka hiyo ya 1970. Wako wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo deni limelipwa. Mimi naona halikulipwa. Deni la marehemu hulipwa kwa nani? Lakini naona pia kwamba nishani ile ina uzito ambao nyingine hazina, kwa maana kila anayeivaa hulazimika kulitaja jina la mtu aliyekataliwa. Kule Voronezh, juu ya kaburi lake, wenyeji wameandika kwamba alijaliwa kugundua kromatografia, inayotenganisha molekuli na kuwaunganisha watu.

Kazi ya gesi ile twaijua sisi bila kujua. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Katika michezo hiyohiyo mikojo ya wanariadha ilipimwa kwa kromatografia ya gesi ili kuwanasa waliotumia dawa za kuongeza nguvu. Nishani ya mkimbiaji sasa yahitaji mashine iitetee, na mashine hiyo ilianzia Innsbruck na Mill Hill.

Kwa akina mama na akina baba wanaoshika jiko, nina habari ya karibu zaidi. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Uchunguzi ulipoendelea, sumu ileile ilionekana katika karanga za nchi nyingine, na Uganda ilikuwa mojawapo. Ilikuwa ni sumu ya ukungu, aflatoksini, ambayo wengi huiita sumukuvu. Ilitengwa kwa kromatografia, na chini ya taa ya miale isiyoonekana kwa macho madoa yake yaling'aa, mengine buluu, mengine kijani. Ndiyo maana hadi leo sumu hizo huitwa B na G, herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki.

Kwa hiyo karanga zikikusanywa baada ya mvua, zianikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, na zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe. Kuiosha hakuiondoi sumu, na moto wa jikoni hauimalizi. Wala isipewe kuku. Wao nao huugua. Ng'ombe naye asipewe, kwa sababu sehemu ya sumu hupita katika maziwa.

Mwisho, watoto wakiwa likizo, waonyesheni kazi ya Tswett. Nilikuwa nikiifanya darasani nilipokosa vifaa vingine, maana chaki ilikuwepo siku zote. Chukueni kipande kizima cha chaki nyeupe. Kwa kalamu nyeusi ya wino wa maji, ile ya kuchorea na si ya risasi wala ya bolpeni, zungusheni mstari kukizunguka, upana wa kidole kimoja kutoka chini. Kisimamisheni katika kisahani chenye maji kidogo, mstari usiguswe na maji. Acheni kwa muda wa robo saa bila kukisogeza. Maji yatapanda, yatabeba wino, na ule weusi utaanza kuachana: mara nyingi buluu hutangulia, nyekundu au manjano hufuata nyuma. Kila aina ya kalamu hutoa mpango wake, basi jaribuni mbili au tatu, na kila chaki iandikwe jina la kalamu yake kwa penseli kabla watoto hawajazichanganya.